JIKO LA MPAGAZI LILITEKETEZA KILIMANJARO: ULUGURU TUNANGOJA NINI?

Yafuatayo ni maneno ya mwandishi wetu wa kujitegemea mbele ya wakulima na vijana wa Mlali, wilayani Mvomero, mkoani Morogoro. Tumepunguza salamu tu. Mengine tumeyaacha kama alivyoyasema. – Mhariri

  

Nimeombwa nizungumze juu ya moto wa milimani. Mimi si bwana misitu, wala si msomi wa hapo Chuo Kikuu cha Mzumbe. Elimu yangu ni kidato cha nne, na kazi yangu ni kuuliza maswali na kuandika majibu ninayopewa. Basi nitawaeleza niliyoyapata kwa kuuliza na kwa kusoma. Nikikosea mtanisahihisha, maana mlima huu mnaujua kuliko mimi.

Sote tunaijua picha ya kiangazi. Jioni ukisimama hapa Mlali ukatazama juu milimani, unaona mistari ya moto inapanda taratibu, utadhani ni taa za mjini. Watoto wanaifurahia. Wakubwa tunasema, "Watu wanaandaa mashamba," kisha tunaingia ndani kulala. Asubuhi ni majivu, na hakuna anayeuliza. Tumezoea. Na jambo likishazoeleka, hata likiwa baya kiasi gani, halina tena mtu wa kulikemea.

Leo nataka tuulize. Nitaanzia mbali, Kilimanjaro, halafu nitarudi hapa nyumbani. Naanzia huko kwa sababu mlima ule una hifadhi ya taifa, una askari, una watalii wenye dola. Kama wao wenye vyote hivyo waliungua, sisi tusio navyo tuna kinga gani?

ILIVYOKUWA KULE

Jumapili ya tarehe 11 Oktoba 2020, moto ulizuka sehemu inayoitwa Whona. Hapo ni mahali pa kupumzikia wapanda mlima wa njia ya Marangu, wanapotoka kambi ya Mandara kwenda Horombo. Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, lilitoa taarifa ya awali likasema moto ulianza kwa wapagazi waliokuwa wakipasha chakula cha wageni wao. Nyasi na vichaka vilikuwa vikavu, upepo ulikuwa mkali, moto ukatoka jikoni ukaingia mlimani.

Ndugu zangu, hapo hapakuwa na jangili wala mchoma mkaa. Hapakuwa hata na mtu mwenye nia mbaya. Palikuwa na chakula cha mchana.

Nchi ilikuwa katikati ya kampeni. Uchaguzi mkuu ulikuwa tarehe 28 ya mwezi huo huo. Wakati magari ya matangazo yanazunguka mijini, mlimani watu zaidi ya 500 walikuwa wanapambana: askari wa hifadhi, zimamoto, wanafunzi wa Chuo cha Wanyamapori Mweka, na wanavijiji wa mitaa ya jirani. Sehemu kubwa ya kazi ilifanywa kwa mikono, kwa matawi mabichi, majembe na mapanga. Moto ule haukuwa wa siku moja. Ulizimwa hapa ukafufuka pale, kwa sababu kule juu ardhi ina mboji nene, na moto unaweza kutambaa chini kwa chini ukaibukia mahali ulipodhani umekwisha.

Hesabu ya TANAPA ilisema zimeungua kilometa za mraba 95 na ushei, kama asilimia 5 ya hifadhi yote. Mtu akisikia asilimia 5 anasema ni kidogo. Tuhesabu kikwetu. Hizo ni zaidi ya ekari 23,000. Hifadhi yetu yote ya Uluguru, kaskazini na kusini, ni hekta 24,000 hivi. Igawe mafungu matano, kisha mafungu mawili yafanye majivu. Ndicho kilichoungua Kilimanjaro kwa jiko moja.

Somo lilieleweka? Tarehe 21 Oktoba 2022, miaka miwili baadaye na mwezi ule ule, moto ulizuka tena, safari hii upande wa kusini karibu na kambi ya Karanga, kwenye mwinuko wa kiasi cha meta 4,000. Ilibidi wanajeshi wapelekwe. Oktoba hadi Oktoba. Moto una kalenda kuliko wakubwa wetu. (Kicheko)

KILICHOUNGUA SI NYASI

Nilisikia mtu redioni akijifariji kwamba "kilichoungua ni vichaka tu, vitaota." Nikasema huyu hajui anachokisema, au anajua na anatufanya sisi watoto.

Juu ya msitu mkubwa wa Kilimanjaro kuna miti ya jamii ya erika. Ikiachwa miaka mingi inakuwa miti kamili, na matawi yake yanaota ndevundevu na kuvu. Ukungu unapopita hapo unanaswa, unageuka matone, matone yanadondoka, yanaingia ardhini. Mti ule unakinga maji hata siku ambayo mvua haijanyesha. Ukiungua, kinachoota mahali pake ni kichaka kifupi kisicho na ndevu wala kimo. Ukungu unapita juu yake unakwenda zake. Na kichaka hicho kinakauka upesi, kwa hiyo kinaungua tena upesi kabla hakijawa mti. Moto wa kwanza unaandaa kuni za moto wa pili.

Mtaalamu mmoja Mjerumani, Andreas Hemp, ameusoma mlima ule kwa miaka mingi. Mwaka 2005 alichapisha utafiti akionyesha kwamba dunia nzima inalia juu ya barafu ya Kibo inayoyeyuka, kumbe moto ndio unaonyang'anya mlima maji mengi zaidi. Mpaka wa juu wa msitu umeshushwa kwa mamia ya meta. Na mwaka 2016 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, likatoa ripoti kwamba tangu 1976 moto umeteketeza hekta 13,000 za msitu wa Kilimanjaro, na kwamba maji yaliyopotea kwa ajili hiyo yangetosha kunywesha watu milioni moja mwaka mzima.

Barafu inapigwa picha, ukungu haupigwi picha. Ndiyo maana habari ya barafu ilifika hadi Marekani, na habari ya ukungu haikufika hata Mlali.

Kuna na hasara ya njia zenyewe za kupanda. Mahali palipoungua hapana mizizi ya kushika udongo. Mvua za kwanza zinafanya njia kuwa mfereji. Wapanda mlima wanakwepa tope wanatembea pembeni, pembeni nako panakuwa mfereji, na baada ya misimu michache njia moja imekuwa njia nne. Mgeni aliyelipa aone msitu anatembea saa nzima katikati ya visiki vyeusi. Moto unazimwa kwa wiki mbili, lakini kovu lake mtoto aliyezaliwa mwaka ule atalikuta akiwa mzee.

LAWAMA ZINATEREMKA, FEDHA ZINAPANDA

Sasa nije kwenye jambo ambalo wengine hawapendi liguswe.

Kule Kilimanjaro wapagazi wanaitwa wagumu. Jina linajieleza. Mgumu anabeba kilo 20 za mizigo ya mgeni, na juu yake vitu vyake mwenyewe. Anatangulia kambini ili mgeni akute hema limesimama na chai iko tayari. Mgeni akichelewa kula, anayegombezwa si waziri, ni yeye. Basi mlima ulipoungua, taarifa ya kwanza kutoka ilimtaja nani? Mpagazi.

Sisemi hana kosa. Aliyewasha jiko kwenye nyasi kavu mwezi wa kumi ana kosa, awe maskini au tajiri. Ninachouliza ni hiki: mahali pale palikuwa panajulikana ni pa kupumzikia na kula. Watu wamepita hapo miaka nenda miaka rudi, na kila kichwa kimelipiwa kiingilio. Kulikoni jiko lisiwe na mahali pake palipofyekwa na kujengewa? Zana za kuzimia zilikuwa umbali gani? Nani alikuwa zamu mwezi wa kiangazi kikali? Hayo si maswali ya mpagazi, ni ya aliyekusanya kiingilio.

Ndivyo mambo yalivyo katika nchi yetu. Fedha za mlima zinapanda ofisini, lawama za mlima zinateremka kwa mlalahoi. Na mkikaa kimya, siku Uluguru utakapowaka kweli kweli, atakayepandishwa karandinga ni kijana wa Mlali aliyekuwa anatafuta ndezi wa mboga. (Makofi)

NA HAPA KWETU

Uluguru si mlima wa majirani, ni tangi letu la maji. Mto Mlali mnaomwagilia nyanya na mboga ni mmoja wa mito inayojaza bwawa la Mindu, na bwawa hilo ndilo linalonywesha mji wa Morogoro. Maji ya Mindu yako katika mto Ngerengere, Ngerengere inaingia Ruvu, na Mgeta inaingia Ruvu. Ruvu ndiyo Dar es Salaam. Mwezi ule ule wa Oktoba 2022, Karanga ilipokuwa inaungua, Dar es Salaam iliingia kwenye mgao wa maji kwa sababu Ruvu ilikuwa imepungua. Ule ulikuwa ukame, sisemi ulikuwa moto wetu. Lakini ukame unapokuja, mlima wenye msitu una akiba ya kutoa. Mlima wa majivu hauna.

Wataalamu waliopima wanasema misitu ya Uluguru ilikuwa kilometa za mraba 300 hivi mwaka 1955, na kufika 2001 ilikuwa imebaki kama 230. Serikali ilikwishautangaza msitu huo kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia mwaka 2008, baada ya kuwa hifadhi ya kawaida tangu enzi za Mjerumani. Kuna ndege ambaye dunia nzima anapatikana Uluguru tu. Wageni wanakuja kupanda Bondwa kupitia Morningside, wanapita Mgeta kwenda uwanda wa Lukwangule, wanaenda kuona maporomoko ya Hululu. Si wengi kama wa Kilimanjaro, lakini kijana anayewaongoza anapata unga wa nyumbani.

Moto unatoka wapi? Mnajua ninyi. Mmoja anachoma shamba adhuhuri jua likiwa kali, peke yake, bila kumwambia jirani. Mwingine anafukuza ndezi. Mwingine anarina asali na mwenge. Mwingine anataka majani machanga ya mifugo. Mwingine ameacha tanuri la mkaa. Na wapo wanaowasha tu, waone moto utafika wapi, eti moto ukienda mbali na maisha yanakuwa marefu. Bwana, moto ukienda mbali maisha yanakuwa mafupi! (Kicheko)

Mlimani kwetu mteremko ni mkali kuliko wa Kilimanjaro. Moto unapenda kupanda. Kila mti unaoungua chini unaukausha wa juu yake. Mvua za vuli zikija, udongo uliobaki uchi unateremka. Unapita kwenye mifereji yenu ya kumwagilia, mnatumia siku nzima kuzibua. Unaobaki unakwenda kulala Mindu. Kila ndoo ya mchanga inayoingia bwawani inatoa ndoo ya maji. Halafu maji yanapungua, na mzozo wa zamu za kumwagilia unawagombanisha ndugu wa tumbo moja. Huo ndio moto wenyewe, umefika nyumbani bila moshi.

TUSIRUDIE YA 1955

Sasa dawa. Wakubwa wakisikia maneno kama haya wanaruka moja kwa moja kwenye amri: marufuku hii, faini ile, mgambo waende. Wazee hapa watanisaidia. Mkoloni Mwingereza alileta mpango wake wa matumizi ya ardhi Uluguru miaka ya hamsini. Watu walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi, wakakatazwa kuchoma moto, wasiotii wakatozwa. Mwaka 1955 kule Matombo watu walichoka, kukatokea fujo, polisi wakafyatua risasi, damu ikamwagika. Mpango ukafa. Wazungu wawili walioandika kitabu juu ya mambo hayo mwaka 1960 walikiita Smoke in the Hills, yaani moshi milimani.

Funzo lake si kwamba matuta ni mabaya. Udongo wa Mwingereza ulikuwa unamomonyoka kweli, kama unavyomomonyoka leo. Funzo ni kwamba huwezi kumlazimisha mtu atunze kitu ambacho faida yake anaiona mwingine. Mkulima alichimba tuta kwa jasho lake, mazao hayakuongezeka, na aliyesifiwa ni bwana shauri.

Tena kwetu kuna jambo la ukoo. Ardhi ya Uluguru inakwenda kwa upande wa mama. Mwanaume analima shamba la mkewe au la ukoo wa mama yake. Ukimwambia apande miti ambayo ataivuna mtu mwingine, anakuangalia tu. Mpango wowote usiokaa na wenye ukoo, hasa akina mama wenyewe, ni kiini macho.

Mbona inawezekana? Kuanzia mwaka 2006 mashirika ya CARE na WWF yalijaribu upande wa pili wa mlima huu, huko Kibungo, mpango wa kumlipa mkulima wa juu anayetunza udongo, na wanaotumia maji huko chini wachangie. DAWASCO na kampuni ya Coca-Cola Kwanza zilichangia. Ulikuwa mpango mdogo wa vijiji vichache na wa muda. Lakini ulithibitisha jambo moja: anayekunywa maji anaweza kumlipa anayeyalinda. Kama kampuni ya soda iliweza kulielewa hilo, serikali inashindwa nini?

LA KUFANYA

Nina mambo matatu, halafu nawaachia kikao.

La kwanza ni letu wenyewe, na hatuhitaji kumngoja mtu kutoka Dodoma. Anayetaka kuchoma shamba aseme kwa mwenyekiti wa kitongoji, na majirani waje. Kwanza lifyekwe barabara ya kuzuia moto pande zote, mpaka udongo uonekane. Moto uwashwe asubuhi na mapema au jua likishapoa, siku isiyo na upepo, uanzie juu uteremke. Mtu asiondoke mpaka ameweka mkono juu ya majivu akayakuta baridi. Na anayeongoza wageni apike kwa gesi, mahali pamoja palipofyekwa, na asikubali mgeni awashe moto wa kuotea kambini hata akitoa bakshishi ya dola. Kumbukeni Whona.

La pili ni la wenye hifadhi. Moto ukizuka, wa kwanza kufika ni mwanakijiji, si ofisa. Basi awe na zana. Reki, mapanga, mabuti, vipigia moto, tochi, vikae hapa kijijini kabla ya mwezi wa nane, visikae stoo mjini. Na atakayeungua akizima moto wa serikali atibiwe na serikali. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kushirikiana na serikali kusimamia msitu. Tusikubali ushirikiano wa kuitwa siku ya moto na kusahauliwa siku ya mapato.

La tatu ni la wote. Mkutano wa kijiji mna haki nao kila miezi mitatu. Mwaka huu mkikaa, kabla ya kiangazi kukolea, ulizeni kwa heshima na kwa maandishi: viingilio vya wapanda mlima wa Uluguru ni kiasi gani, na kimerudi kiasi gani kwenye vijiji vya chini ya mlima? Mamlaka za maji zinatenga shilingi ngapi kwa chanzo cha maji yao? Mkipewa jibu, libandikeni ubaoni. Msipopewa, bandikeni swali. (Makofi marefu)

Najua wapo watakaosema kijana huyu analeta siasa kwenye moto. Siasa ni nini basi, kama si kuuliza nani anakunywa, nani analipa na nani anaungua? Moto wa Kilimanjaro haukuuliza kadi ya chama. Uliteketeza msitu wa wote, na mgao wa maji uliwapata wote.

Mvua za vuli hazijanyesha bado. Nyasi ni kavu, na upepo wa mwezi wa kumi mnaujua. Mwenyekiti wa kitongoji yupo hapa, na akina mama wenye mashamba ya juu wapo hapa. Tusitawanyike kabla hatujakubaliana nani anafyeka barabara ya moto wa upande gani, na siku gani.

 Sasa ni zamu yenu.